Kiganja cha Mnadi

Kliniki ya Usemi
Tarehe 4 Machi

Kwa familia zetu zote,

Mvua zimeanza, na habari ya kwanza ni paa. Chumba cha watoto kinavuja, kwa hiyo watoto wamehamia chumba cha mbele, na sisi tumehamia kwenye korido pamoja na ndoo. Mkisikia matone katikati ya somo, vumilieni. Fundi ameahidi kuja, na ahadi za mafundi mnazijua.

Wanaopona kiharusi wataendelea kuja kila Jumanne asubuhi. Kikundi cha kuimba kimeanza tena siku za Alhamisi. Mtu aliyepotewa na maneno mara nyingi bado anazo nyimbo zake, na bado anaweza kuhesabu. Moja, mbili, tatu hutoka zenyewe pale ambapo "nipe maji" imegoma. Picha na vitabu vya kuazima vipo kwenye rafu mlangoni. Tunaomba virudi bila madoa ya chai.

Sasa ya kufanya nyumbani msimu huu. Ulizeni swali moja, kisha nyamazeni. Msimmalizie mtu neno lake, hata kama mnalijua. Na akisema hapana, iheshimuni hapana yake. Aliyeporwa maneno yote asiporwe hilo pia.

Wenu,
Mtaalamu wa Usemi

*

Nyumbani
Tarehe 9 Machi

Mwanangu Mtaalamu,

Salamu nyingi. Karatasi yako imefika ikiwa imelowa, lakini inasomeka.

Nikwambie mapema usije ukaucheka mwandiko wangu: mimi shule sikuikanyaga hata kwa kupotea njia. Herufi nilifundishwa na huyu huyu mgonjwa wako, kwa chaki, juu ya vibao vya mnada. KITI. MEZA. KITANDA CHA CHUMA. Mpaka leo nikiandika naona kama natangaza mali.

Haya, tuje kwenye hilo la kunyamaza. Unajua unamwambia nani? Mimi na yule mzee tumeishi mpaka kikohozi chake nakijua, kipi cha vumbi na kipi cha kuficha jambo. Jumanne ulipomhesabisha, akasema moja, akasema mbili, akakwama, nikasema tatu. Ukanitazama kama mtu aliyetema mate sebuleni kwako. Kosa langu nini? Neno lilikuwa njiani, mimi nimelifungulia mlango tu.

Lakini la hapana limenikaa. Nimelikata kwa mkasi na kulibandika ukutani juu ya kitanda chake, aone kuwa nyumba hii haki yake ipo. Ingawa kusema kweli huyo mtu hapana ndiyo kazi yake kutwa. Uji? Hapana. Na huku mdomo uko wazi unangoja kijiko. Basi namlisha, anamaliza bakuli, namuuliza kama ameshiba, ananiambia hapana. Alikuwa mbishi akiwa mzima, sembuse sasa.

Fundi wenu wa paa mpelekeeni mwanamke amkaripie. Ukikosa mtu, niite.

Mimi,
Mke wa Mnadi

*

Karakana
Tarehe 14 Machi

Shemeji yangu,

Hujambo? Mimi si wa kalamu, unanijua. Tangu ujana kaka yangu alikuwa na mdomo na mimi nina mgongo. Yeye juu ya meza ya mnada ananadi, mimi chini nabeba makabati, watu wakaniita Winchi. Basi leo Winchi anaandika.

Nimekuja mlangoni kwako mara mbili, na mara zote umeniambia amelala. Shemeji, mara ya pili nilimsikia akikohoa.

Najua unanihesabia kosa la siku ile. Ni kweli niliuza kabati la marehemu mama bila kumwambia. Ni kweli alikuja hapa karakana tukafokeana, na alianguka mbele ya macho yangu. Mikono hii ndiyo iliyombeba hadi hospitali. Sikuwahi kubeba kitu kizito kama kile.

Sasa moyo wangu nao umechoka. Daktari amekataza kazi, na kijana wangu anataka nikaishi kwake, mbali, safari ya siku nzima. Naondoka baada ya katikati ya Aprili, na kwa hali hii sidhani kama nitarudi. Niruhusu nikae naye saa moja. Akinifukuza mwenyewe, nitaondoka bila neno.

Shemeji yako,
Winchi

*

Nyumbani
Tarehe 17 Machi

Shemeji,

Hataki.

Usiseme ni mimi. Nilikaa naye kitandani, nikamuuliza taratibu kama walivyotufundisha kliniki: "Unataka ndugu yako aje?" Akasema hapana, wazi kama kengele. Kisha akalia, akapiga kitanda, pa! mpaka kikombe kikaruka. Nikamuuliza tena kesho yake. Hapana, machozi, pa! Unataka ushahidi gani zaidi?

Mtaalamu mwenyewe ameandika kwamba hapana ya mgonjwa iheshimiwe. Iko ukutani, nimeibandika. Mume wangu alitoka hapa kwa miguu yake, shati limepigwa pasi, anakwenda kwako. Nililetewa mtu asiyeweza kutaja jina langu. Usiniombe mimi saa moja, Winchi. Saa zangu zote ziliishia karakana kwako.

Safiri salama. Kunywa dawa zako.

Mke wa kaka yako

*

Kliniki ya Usemi
Tarehe 21 Machi

Bibi mpendwa,

Asante kwa kukubali kukaa korido Jumanne iliyopita. Najua ulikaa sikio likiwa mlangoni, maana ndoo uliipiga teke.

Nataka ujue kilichotokea ndani. Nilimtandikia Mzee zile picha tunazoazimisha: mama anafua, mtoto na mbwa, watu sokoni. Alizisukuma zote. Kisha akaona picha ya wanaume wawili wamebeba kabati, mmoja mbele na mmoja nyuma. Akaichukua, akaitazama muda mrefu, akaitia kwenye mfuko wa shati. Nilipoomba anirudishie, akasema hapana na kuufunika mfuko kwa mkono. Nikamwachia.

Bibi, Mzee ana ndugu? Kuna mtu aliyefanya naye kazi? Katika fomu yake umeandika wewe peke yako. Kama yupo mtu wa karibu, kuja kwake kunaweza kumsaidia kuliko zoezi lolote nililo nalo hapa.

Wako,
Mtaalamu wa Usemi

*

Nyumbani
Tarehe 25 Machi

Mwanangu,

Paa letu nalo linavuja sasa. Nimeweka sufuria chini ya tone, na Mzee analisikiliza kama redio. Mpangaji wa chumba cha nyuma amenunua tarumbeta. Hajui kulipiga, na hana mpango wa kujua. Kikundi cha kuimba tutakuja mvua ikipungua, mimi sauti yangu ni ya kufukuzia kuku lakini nitakaa kimya kama mlivyoniamuru.

Picha yenu niliikuta mfukoni nilipofua shati. Nimeianika dirishani. Imejikunja kidogo upande wa yule wa nyuma.

Ndoo sikuipiga teke. Ilikuwa njiani.

Mke wa Mnadi

*

Karakana
Tarehe 29 Machi

Shemeji,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, hata yale makali, maana ndiyo habari pekee niliyo nayo ya kaka. Sitabishana na uchungu wako. Ni haki yako.

Lakini kuna jambo moja linaninyima usingizi. Umesema akisikia habari yangu anapiga kitanda. Anapiga kwa kiganja, au kwa ngumi?

Wewe mnadani hukuwa unakuja, ulikuwa na watoto. Mimi nilisimama chini ya ile meza miaka yote. Kaka hakushika nyundo hata siku moja. Alisema nyundo ni ya seremala na hakimu, yeye si mmoja wao. Alihesabu moja, mbili, tatu, kisha kiganja wazi juu ya meza, pa! Maana yake imekubaliwa, kitu kimepata mwenyewe, leta kingine. Kabla ya tatu hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kugusa mali. Na mimi nilikuwa sinyanyui kitu mpaka nisikie kiganja.

Ngumi ilikuwa ya hasira. Siku ile ya kabati alinipigia ukuta wa karakana kwa ngumi, na lipu ilibanduka. Sijaiziba.

Nijibu hilo tu. Ikiwa ni ngumi, nitapanda gari nikijua nimesikia kutoka kwake. Naondoka tarehe ishirini.

Winchi

*

Nyumbani
Tarehe 2 Aprili

Mwanangu Mtaalamu,

Leo sina mzaha, kwa hiyo soma ukiwa umekaa.

Uliniuliza kama Mzee ana ndugu, nikakujibu habari ya tarumbeta. Anaye. Mdogo wake, mbeba mizigo wake wa mnadani. Waligombana siku ile ile aliyoanguka, na mimi nikafunga mlango. Nilimwambia ndugu yake kwamba Mzee hataki, kwa sababu nilimuuliza akasema hapana, na wewe uliandika hapana iheshimiwe. Nilikushika wewe kama ngao.

Jana namlisha uji. Nikamuuliza unataka, akasema hapana, nikapeleka kijiko kama kila siku. Mkono ukanigandia hewani. Nikajiuliza: mwanamke, mbona hapana ya uji unaijua kuwa si hapana, na hapana ya ndugu yake ukaifanya kufuli?

Nimetazama ile karatasi ukutani mpaka macho yakauma. Niambie ukweli, usinipake mafuta. Hapana yake ni hapana?

Na nikimtajia ndugu yake huwa anapiga kitanda kwa kiganja. Wazi, vidole vimekutana. Wao wawili kule mnadani hiyo ilikuwa ndiyo. Mimi nilikuwa sijui. Nimelala ubavuni mwa mtu huyo umri wangu wote, na kuna neno lake sikuwa nalijua.

Jibu upesi. Ndugu anaondoka tarehe ishirini.

Mimi

*

Kliniki ya Usemi
Tarehe 5 Aprili

Bibi yangu,

Nimempa barua hii dada wa mapokezi aipitishe kwako leo leo.

Hapana yake si ya kutegemea. Kiharusi kinaweza kumwachia mtu neno moja, na hilo hilo likatoka kwa kila kitu, kwa anachokitaka na asichokitaka. Anajisikia akisema sivyo, hawezi kulirudisha. Ndiyo maana pengine analia.

Nilipoandika zile habari za msimu nilikuwa nawafikiria watoto wetu, wale wanaolazimishwa kuongea mbele ya wageni. Nikaipeleka karatasi moja kwa nyumba zote, na kwako ikafika ikiwa na kosa. Kosa hilo ni langu, na ile karatasi naomba uibandue ukutani.

Usiuulize tena mdomo wake. Uulize mkono. Anza na vitu unavyojua jibu lake, kimoja anachokipenda na kimoja asichokipenda, uone mkono unafanya nini. Halafu uliza lile unaloliogopa. Ukishauliza, Bibi, nakuomba, usimsaidie.

Wako,
Mtaalamu wa Usemi

*

Nyumbani
Tarehe 7 Aprili

Shemeji,

Nilimtajia uji wa asali. Mdomo ukasema hapana, kiganja kikapiga kitanda. Nikamtajia mpangaji wa nyuma na tarumbeta lake. Mdomo ukasema hapana, mkono ukajikunja ngumi ya kuvunja mlango. Nikacheka peke yangu kama kichaa, halafu kicheko kikaniishia, maana lililobaki ni wewe.

Nikasema: "Winchi anataka kuja." Nikafunga mdomo. Nilitazama dari, nikatazama sufuria ya tone. Sikujua kunyamaza kuna uzito hivyo.

Kiganja, shemeji. Hakupiga mara moja. Alipiga mpaka nikaushika mkono usiumie.

Sina maneno mazuri, na mabaya umeshayapata yote. Njoo. Mlango haujafungwa hata sasa ninavyoandika.

Mke wa kaka yako

*

Nyumbani
Tarehe 21 Aprili

Mwanangu Mtaalamu,

Ndugu yake alikuja juzi, siku moja kabla ya safari. Alikuja na mwavuli wenye tundu na mkate, amevaa koti la kuzikia watu. Nikamwambia, "Huyu mtu yu hai, vua koti hilo." Akavua.

Walitazamana. Winchi akasema, "Kaka, lile kabati, nisamehe." Mzee akajibu, "Hapana." Nikaona shemeji anashuka mabega. Kisha kiganja, pa! Tukacheka wote watatu, na Mzee alicheka hadi akakohoa, kikohozi ambacho mimi nilikuwa sikijui.

Wakakaa. Ile picha yenu Mzee aliitoa mfukoni akaonyesha yule wa mbele, akajigusa kifua. Akaonyesha yule wa nyuma, akamgusa mwenzake. Winchi akasema, "Ndiyo, mimi siku zote nyuma, kwenye uzito." Ubishi ukaanza hapo hapo, mmoja kwa maneno na mwingine kwa mkono.

Jioni shemeji akasimama kuaga. Mzee akainua mkono juu. Akasema, "Moja." Nikashtuka, sauti ilikuwa ile ya mnadani, imechakaa lakini ni ile. Akasema, "Mbili." Akanyamaza, mkono uko hewani.

Mwanangu, tatu ilinijia mpaka kwenye meno. Nikang'ata ncha ya shuka.

Tukangoja. Shemeji alisimama na mwavuli wake, naye anajua kuliko mimi kwamba kabla ya tatu mali haiguswi. Mwisho akaketi. "Basi," akasema, "sijauzwa bado." Kila aliposimama ilikuwa hivyo hivyo, moja, mbili, na mkono hewani. Nikamtandikia godoro chini, kando ya kitanda cha kaka yake.

Asubuhi kijana wake akaja na gari. Akakuta baba yake hajavaa viatu. Mzee akainua mkono. Moja. Mbili. Kijana akatazama saa, akanitazama mimi, nadhani alitaka niseme chochote. Sikusema.

Winchi akaushika ule mkono wa hewani kwa mikono yake miwili, akaushusha juu ya shuka taratibu usitoe sauti. Akamwambia, "Uache mnada wazi, kaka. Nitarudi kuufunga." Sote watatu tulijua harudi. Akaenda.

Mzee amekaa ametazama mlango tangu jana. Jumanne hatuji. Utusamehe.

Mke wa Mnadi

*

Kliniki ya Usemi
Tarehe 3 Juni

Kwa familia zetu zote,

Mvua zimekwisha, na paa limezibwa, baada ya bibi mmoja wa Jumanne kumfuata fundi nyumbani kwake. Watoto wamerudi chumbani kwao. Kikundi cha kuimba sasa kitakaa uani, penye kivuli.

Ushauri wa msimu uliopita kuhusu hapana tunaurekebisha. Kwa mtu aliyepata kiharusi, neno la mdomoni linaweza kupingana na moyo wake. Tazameni mkono, macho, bega. Kila mtu alikuwa na njia yake ya kukubali kabla hajaugua, kazini kwake, na watu wake. Waulizeni waliofanya naye kazi.

Lile la kunyamaza linabaki kama lilivyokuwa.

Wenu,
Mtaalamu wa Usemi

*

Nyumbani
Tarehe 11 Juni

Mwanangu,

Nimesoma habari zako za kiangazi. Zimekaa vizuri. Hilo la fundi ungeliacha, lakini haya.

Kijana wa shemeji alipiga simu juzi. Winchi hatunaye. Moyo ulisimama akiwa kitini, mchana, hakusumbua mtu.

Nikatoka jikoni, nikaenda kukaa kitandani kwa Mzee. Sikumzungusha. Nikasema, "Ndugu yako amekufa." Nikafunga mdomo. Nilikuwa na pole nyingi tumboni, na Mungu ampumzishe, na usilie baba, na yote hayo nikayazuia, kwa sababu zamu ilikuwa yake.

Alitazama mlango. Nje mpangaji alikuwa anapuliza tarumbeta lake, akaacha. Nikasikia mwenyewe ninavyopumua.

Akainua mkono. "Moja," akasema.

Akakaa sana.

"Mbili."

Mkono ulikuwa hewani, na sikuushika. Nilidhani atabaki hapo, kama siku ile, na ningebaki naye hapo mpaka usiku kama angetaka.

"Tatu," akasema mume wangu.

Kiganja kikashuka juu ya shuka polepole, hakikutoa sauti hata ya unyoya. Akageuka, akanitazama, akalia, nami nikalala ubavuni mwake na viatu vyangu.

Ile picha ya watu wawili na kabati hairudi. Ifute kwenye vitu vyenu vya kuazima.

Jumanne tutakuja.

Mke wa Mnadi